Pasipoti Iliyoshonwa kwa Mkono

Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Jina lenyewe lina herufi nyingi zinazosukumana mlangoni, na mara ya mwisho lilipotamkwa lote ni siku ya ndoa yake, msajili alipolijaribu mara tatu kisha akaomba maji ya kunywa. Tunamwita Mzee Gundi. Gundi iko kwenye kucha zake, kwenye mikono ya shati lake, kwenye miguu ya kiti chake. Watoto wakimpa mkono hujifanya wamenasa, naye hujifanya anavuta, mpaka wacheke watosheke.

Alikuja miaka thelathini na mitatu iliyopita kwa mkataba wa miaka miwili, kufundisha kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji ambacho siku hizi ni ghala la magodoro. Siku ya kwanza alipewa meza inayotazamana na ya mwanamke mmoja mshonaji, kazi yake kuunganisha karatasi kwa sindano kabla hazijatiwa jalada. Mgeni akataka kumwelekeza namna ya kushika sindano. Mwanamke akamtazama, akamwekea sindano kiganjani, akamwambia ashone yeye tuone. Akashona. Mwanamke akaifumua kazi yote mbele ya kiwanda kizima, taratibu, tundu kwa tundu, akamrudishia uzi wake ukiwa umekunjwa vizuri. Mwaka uliofuata wakaoana.

Kiwanda kilipofungwa walifungua karakana yao, chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, kati ya kinyozi na duka la miwani. Yeye alishika jalada, mkewe akashika sindano, na mtaa ukamwita Mama Sindano. Wanafunzi walileta tasnifu zao, walimu wakaleta kamusi zilizochoka, ofisi za serikali zikaleta madaftari yao makubwa. Mzee Gundi alizoea lugha yetu mpaka akawa anaota kwayo. Ila akipima karatasi kwa rula huhesabu kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mbwa wake wa utotoni.

Mama Sindano alikuwa na sheria moja. Kabla sindano haijagusa kitabu chochote, karatasi zake zilihesabiwa kwa sauti na watu wawili, na mwenye kitabu asiwe mmoja wao, wala asiwepo chumbani. Kazi ikiisha, wale wale wawili walihesabu tena. Kila kitu kiliandikwa kwenye daftari: tarehe, kitabu, karatasi kabla, karatasi baada, sahihi mbili. Alichokitoa, uwe uzi wa zamani au pini yenye kutu, alikitia kwenye bahasha yenye namba. Sheria hiyo aliianzisha baada ya mwanachuo mmoja kuwashtaki kwamba wamempotezea sura ya nne ya tasnifu yake. Walitafuta wiki nzima, hadi chini ya makabati, mpaka profesa wake alipogundua kwamba sura ya nne kijana hakuwa ameiandika.

Muda wote huo Mzee Gundi aliishi nchini kwa kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji kila baada ya miaka miwili, na juu yake pameandikwa: mume wa raia. Walikwenda pamoja, yeye na koti lake la pekee, mkewe na gauni lake la kutokea. Mkewe ndiye aliyezungumza dirishani. "Nimemleta tena huyu," alikuwa akisema. "Bado namtaka. Mgongeeni muhuri." Maofisa walicheka, muhuri ukagongwa, nao wakarudi kazini kabla gundi haijakauka.

Kinyozi alimuuliza mara mia kwa nini asiombe uraia yakaisha. Alishawahi kuomba. Alitakiwa kuleta barua kutoka ofisi ya mji aliozaliwa, na barua aliyoipeleka huko ilirudi na maandishi kwamba ofisi hiyo haijulikani. Mkewe alimwambia aachane nayo. Akasema uraia wake ni yeye, na ofisi yake iko wazi saa zote.

Miezi kumi na minne iliyopita Mama Sindano alifariki, kwa maradhi ya figo yaliyokuja kwa haraka. Kabati lake la daftari na nyuzi lilifungwa siku ile, na Mzee Gundi hakulifungua tena. Binti yao wa pekee, muuguzi katika hospitali ya wilaya, alirudi kuishi na baba yake, akiwa na mizigo miwili na macho ya mtu anayepima joto la mgonjwa hata akiwa anakula.

Kibali kilipokaribia kwisha, wakaenda wawili hao. Binti alikuwa ameulizia mapema: yapo maombi ya mzazi wa raia, fomu zake ni tatu, na yeye raia yupo, mzima, na cheti chake cha kuzaliwa mkononi. Dirisha la tatu alikaa afisa mwanamke wa rika la binti, mwenye miwani na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Alipokea fomu kwa upole. Akakuta nakala moja ya cheti imekosekana, akamtuma binti avuke barabara akatoe nyingine. Mzee akabaki peke yake dirishani.

Afisa alifungua pasipoti. Akaipindua, akaikunjua katikati, akapitisha ukucha kwenye mkunjo.

"Hii kaishona nani?"

Mzee Gundi alisimama wima. Miezi kumi na minne hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari za sindano ile.

"Mke wangu," alisema. "Umeona, eh? Matundu matano, si matatu. Kiwandani wanashona kwa mashine, uzi wa nailoni, miaka mitatu tu unalegea. Karatasi za katikati zilikuwa zinataka kuanguka. Huu ni uzi wa kitani, umepakwa nta. Ugeuze uone mgongo."

Afisa akageuza. "Kwa hiyo mliifumua."

"Yote," alisema Mzee kwa fahari. "Hatukuacha hata uzi mmoja. Tukazilaza karatasi chini ya uzito siku mbili, zikanyooka kama shuka la hospitali."

Afisa akaandika. Mzee akaona anaandika kwa kalamu nyekundu, akafikiri ndivyo yanavyoandikwa mambo ya maana. Akamsaidia hata tarehe. Akamweleza na nta ilitoka wapi. Binti aliporudi na nakala yake, bado ina joto la mashine, alimkuta baba yake ameingiza kichwa dirishani anaonyesha kwa vidole namna fundo linavyofichwa. Binti alimtazama afisa usoni. Uso wa mtu mwenye majibu mabaya mkononi anaujua. Yeye mwenyewe huuvaa kazini.

Walipewa barua. Nje, kwenye ngazi, Mzee Gundi alikuwa bado na furaha. "Ameipenda kazi ya mama yako," alisema. Binti alimkalisha kwenye benchi lililokuwa kivulini, akaisoma barua mara moja kimya, kisha akaisoma kwa sauti. Pasipoti ilikuwa imefumuliwa na watu wasiohusika, kwa hiyo haikubaliki. Katika siku ishirini na moja mwenye pasipoti alete ushahidi kwamba hakuna karatasi iliyoongezwa wala kupunguzwa, au aondoke nchini.

Mzee aliomba aisome mwenyewe. Akaisoma, akaikunja mara nne, kingo kwa kingo, kama anavyokunja kila karatasi. "Nimesema mengi," alisema.

"Umesema ukweli, Baba."

"Ndiyo. Mama yako angesema machache."

Walipiga simu ubalozi wa nchi yake, ulioko mji mwingine. Pasipoti mpya ilikuwa inapatikana, ila kwa miezi minne au zaidi. Kijana aliyepokea simu alimwomba arudie maneno yake mara mbili. Jioni Mzee alimsimulia kinyozi akiwa amekaa kwenye kiti cha kunyolea. Yule kijana, alisema, alimuuliza amejifunzia wapi lugha yao, maana anaizungumza kama redio ya zamani. Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine. Halafu akaona kwenye kioo kwamba anayenyolewa hacheki, akaiwasha tena akaendelea kunyoa.

"Na hii chati yangu?" alisema baadaye, akionyesha chati ya mitindo ya nywele ukutani, ambayo Mzee ameibandika na kuibandua mara nyingi hata vichwa vyake vimekuwa vinene kama mbao. "Ukienda huko kwenu nani ataishughulikia? Mgeni hana adabu wewe. Unakaa miaka thelathini na mitatu, watu wakishakuzoea unataka kuondoka."

"Sitaki kuondoka."

"Basi usiondoke," alisema kinyozi, kana kwamba neno hilo lingetosha.

Siku ya kumi na mbili binti alirudi kutoka zamu ya asubuhi akakuta karakana imepangwa upya. Kila kifaa kilikuwa na kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi. Msharasi wa kutobolea umeandikwa jina la mwalimu wa shule ya jirani. Mkasi mkubwa, kinyozi. Kibanio cha chuma cha kubania vitabu, kile alichokuwa akipandishwa juu yake akiwa mtoto, kimeandikwa: binti yangu.

"Baba, unagawa vitu kama umekufa."

"Napanga tu, mama. Kitu kikiwa na mwenyewe hakipotei."

Binti alichukua mkasi. Alizunguka chumbani akikata nyuzi moja moja, akikusanya vile vipande vya karatasi kwenye mfuko wa sare yake. Alipofika kwenye kabati la mama yake akakuta hakuna kipande. Lile tu hakuwa ameliandikia mtu.

"Na hili?"

Mzee aliangalia dirishani. Alisema hajui la kuandika hapo.

Ndipo binti akauliza jambo ambalo kwa siku zote hizo halikuwa limemjia mtu. Akauliza kama mama, siku aliyoishona pasipoti, alihesabu karatasi zake kwanza. Mzee alisema hajui. Alitolewa nje. Alikuwa amesimama nyuma yake anamwelekeza kuhusu nta, akaambiwa akakae kwa kinyozi mpaka aitwe. Na kwa kitabu cha nyumbani, alisema, hakudhani kama mkewe angejisumbua na daftari.

"Mama?" alisema binti. "Mama asihesabu?"

Ufunguo ulikuwa juu ya kabati lenyewe, ulikuwapo muda wote. Ndani mlinuka nta. Madaftari yalikuwa kumi na mawili, yamejaa mwandiko mdogo ulionyooka kama mishono. Walikaa sakafuni, baba na binti, wakagawana miaka. Mzee alisoma polepole mno, kwa sababu kila kitabu alikikumbuka, na kila kitabu kilikuwa na neno la mkewe pembeni. Jalada zito mno, nimemwambia hasikii. Mteja mpole, apewe mapema. Mume wangu ana mafua, gundi imeingia chafya.

Binti ndiye aliyeiona, ukurasa wa miaka minne nyuma. Akamsogezea baba yake asome mwenyewe.

Namba 2117. Pasipoti. Mwenyewe: mume wangu. Karatasi kumi na sita kabla. Karatasi kumi na sita baada. Uzi wa zamani umo kwenye bahasha. Mteja msumbufu, ametolewa nje.

Mzee Gundi alicheka. Alicheka vizuri kabisa, kicheko kizima, na katikati yake kikageuka. Binti alimwachia bega lake, akaendelea kushikilia daftari mbali ili machozi yasidondokee wino.

Chini ya maneno yale kulikuwa na sahihi mbili. Moja ya Mama Sindano. Ya pili ilikuwa na mkia mrefu unaozunguka na kurudi, kama paka aliyelala. Hawakuijua. Ila juu yake, kwenye namba 2116, palikuwa na sahihi hiyo hiyo, mahali pa mwenye kupokea kazi, na kazi ilikuwa: madaftari ya Idara ya Uhamiaji, sita. Walimwita kinyozi kupitia dirishani. Akaja na taulo begani, akaitazama, akasema mbona huyo anamkumbuka. Ni yule mtunza kumbukumbu wa Uhamiaji, mtu wa masikio makubwa. Alikuja kuchukua madaftari yao, akakuta mume amefukuzwa, akashikwa yeye ahesabu kwanza ndipo apewe kazi yake. "Alitoka humu jasho linamtiririka," alisema kinyozi. "Akaniambia, yule mama kanihesabisha mara mbili, na hata chai hakunipa."

Siku ya kumi na tano walirudi dirisha la tatu, na daftari limefungwa ndani ya kitambaa, na bahasha namba 2117. Njiani binti alimwomba baba yake jambo moja tu.

"Leo usieleze chochote. Hata akikuuliza kuhusu uzi."

"Hata kidogo?"

"Baba."

Afisa alisoma mstari ule. Alipofika kwenye mteja msumbufu alimtazama Mzee juu ya miwani, na kona ya mdomo wake ikasogea. Kisha macho yakashuka kwenye sahihi, yakakaa hapo. Aliinuka na daftari, akaenda vyumba vya ndani. Walisubiri. Mzee Gundi alikuwa ameikamata midomo yake kwa vidole viwili, na watu waliokuwa kwenye foleni walimhurumia wakidhani ana jino bovu.

Alirudi amekumbatia daftari kubwa la ofisi, na nyuma yake mkuu wake, mwanaume mnene mwenye tai fupi. Akaliweka daftari la serikali kando ya daftari la Mama Sindano. Kwenye karatasi ya kwanza ya lile kubwa, chini ya maneno yamepokelewa na kuhesabiwa, alilala paka yule yule.

"Ni sahihi yake," alimwambia mkuu wake. "Amestaafu, lakini ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa hatii sahihi asichohesabu. Hata vijiko vya chai alivihesabu Ijumaa."

Mkuu alisema anamheshimu sana mstaafu, ila daftari la mtu binafsi si waraka wa serikali. Mke anaweza kumwandikia mumewe lolote. Afisa alisubiri amalize. Kisha akaikunjua pasipoti katikati, akalikunjua daftari kubwa katikati, akaviweka mkabala. Matundu matano. Matundu matano. Uzi ule ule wa rangi ya asali.

"Mkuu," alisema, "vilishonwa na mkono mmoja, vikahesabiwa na mtu mmoja siku moja. Kama hesabu ya pasipoti hii hatuiamini, basi na haya madaftari yetu sita hatujui kama yana kurasa zote. Na ndiyo tunayowahukumia watu kila siku."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alizihesabu karatasi za pasipoti mwenyewe, kwa kidole kilicholoweshwa, akafika kumi na sita. Akahesabu tena. Alipomaliza alitoa uamuzi wake kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: kibali cha muda cha miezi sita, kwenye karatasi ya peke yake, pasipoti mpya ipatikane ndani ya muda huo, kisha maombi ya mzazi wa raia yatapokelewa. Binti alisema asante. Mzee aliitikia kwa kichwa, vidole bado viko mdomoni. Ila mkuu alipolifunga daftari kubwa ili alirudishe, uvumilivu ukamwishia Mzee.

"Hiyo kona ya jalada inaanza kuachia," alisema. "Mniletee kabla haijachanika. Ile ilikuwa sehemu yangu, si ya mke wangu."

Binti alimfinya. Mkuu alimgeukia. "Kwanza pasipoti," alisema. Lakini alikuwa ameigusa ile kona, akaona ni kweli.

Pasipoti mpya ilikuja mwezi wa tano wa kibali hicho. Ya zamani ilirudishwa pamoja nayo, imekatwa pembe moja kuonyesha haitumiki tena. Mzee alikuwa ameandika ubalozini, kwa lugha yake ya redio ya zamani, kuomba mkasi usifike kwenye mkunjo, na yule kijana wa simu alimsikiliza: mishono yote mitano ilikuwa mizima. Dirisha la tatu afisa aligonga kibali kwenye ile mpya, mzazi wa raia, akasita kuirudisha.

"Mzee wangu, hii usiiguse."

"Siigusi, mwanangu."

Nyumbani aliikunjua katikati chini ya taa ya kazi, akaona alichokijua. Nailoni. Matundu matatu. Mwisho wa uzi ulikuwa tayari umechomoza kama unywele. Aliguna. Akautazama msharasi, akautazama uzi wa kitani, kisha akaikalia mikono yake yote miwili.

Binti alimwona kutoka mlangoni. Alifungua kabati la mama yake, ambalo siku hizi halifungwi kwa ufunguo, akatoa daftari la mwisho, akaenda kumwita kinyozi. Aliporudi aliichukua pasipoti mezani na kumwonyesha baba yake mlango.

"Mwenye kitabu haruhusiwi kuwepo."

Mzee Gundi alitoka. Alisimama barabarani chini ya dirisha lake mwenyewe, koti begani, akisikiliza wawili wale wakihesabu kwa sauti. Kinyozi alikosea kwenye kumi na moja, akarudishwa mwanzo, akalalamika kwamba ukoo huu una matatizo. Wakafika ishirini na nne. Kisha pakawa kimya, na mtu wa gundi, anayejua kila sauti ya chumba kile, akasikia kalamu ikiandika.

Karatasi ishirini na nne kabla. Baada, haikushonwa. Mteja msumbufu, ametolewa nje.